Miti inarudi. Udongo je? Historia ya ubishi wetu wa "kata" na "usikate"

1/ Kila uchaguzi ukinusa, hii maneno ya msitu hurudi. Mmoja anapanda jukwaani: "Miti imekomaa inaoza msituni na vijana wetu hawana kazi. Fungueni msitu!" Wiki inayofuata mwingine anasimama palepale: "Mito inakauka, watoto wetu watakunywa nini? Fungeni msitu!" Umati ni uleule, na unawapigia makofi wote wawili.

Leo tuangalie kitu ambacho hakuna kati yao hukigusa: udongo ulio chini ya hiyo miti, na mwamba ulio chini ya udongo. Ni uzi mrefu, chukua chai.

Sheria zetu mnazijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja nafuta, hata kama ni yule unayempenda.

2/ Kwanza niseme ninakotoka, msije mkasema najificha. Nimekulia Elburgon. Baba alikuwa fundi wa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, nilikuwa Form One. Tuliambiwa ni siku 90. Zikaongezwa. Zikaongezwa tena. Kuondolewa kwa marufuku kulitangazwa Julai 2023, na hilo nalo likafika mahakamani. Kufikia hapo Baba alishaacha kungoja, anauza viazi.

Kwa hivyo mtu akiniambia kufunga msitu ni jambo rahisi, najua karo yake haikutoka kwa mbao. Lakini nina nyanya pia, aliyelima ndani ya msitu huohuo, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kuuliza maswali ya udongo. Tutamfikia.

3/ Hoja kubwa ya upande wa "kata" ni hii: mti ni kama mahindi, ukivuna unapanda tena. Ukikata mmoja panda miwili, basi, msitu hauishi.

Nusu yake ni kweli. Uzito mwingi wa ubao umetokana na hewa na maji. Mti unavuta kaboni dioksidi, unanywa maji, jua linafanya kazi yake. Hapo hatuna shida, hewa haiishi.

Lakini mti hauishi kwa hewa na maji pekee. Unataka kalisiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi. Hizi si nyingi ukizipima kwa kilo, lakini zikikosekana mti unadumaa, hata mvua inyeshe namna gani. Na chanzo chake kikuu ni mwamba.

4/ Mwamba unatoaje chakula? Polepole sana. Mvua inapopita hewani na kwenye udongo inachukua kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu, ile ile iliyo kwenye soda ila dhaifu zaidi. Mizizi inaongeza asidi yake. Kuna pia kuvu wanaoishi kwenye mizizi, nyuzi nyembamba kuliko nywele, wanaojipenyeza kwenye chembe za mawe na kuzila. Mwamba unaoza. Madini yanaachiliwa kidogo kidogo, mti unayachukua, majani yanaanguka na kuoza, mti unayachukua tena.

Fikiria akaunti ya SACCO. Udongo ndio akiba. Mwamba unaooza ndio mshahara, mdogo lakini hauachi kuingia. Majani yanayoanguka ni pesa inayozunguka ndani ya nyumba. Halafu lori la magogo linafika. Hiyo ni pesa inayotoka na hairudi.

Swali la msitu kudumu ni la hesabu za nyumbani: unatoa kuliko mshahara unaoingia, au chini yake? Kuhesabu miche hakujibu hilo swali. Unaweza kupanda miche bilioni kwenye akaunti iliyobaki shilingi mia.

5/ Sasa historia. Hili wazo la "kata kiasi kinachorudi" halikuanzia kwa wapenda mazingira. Lilianzia kwa watu wa migodi.

Mwaka 1713 huko Saxony, sehemu ya Ujerumani ya leo, afisa mkuu wa migodi aitwaye Hans Carl von Carlowitz alichapisha kitabu kuhusu kilimo cha miti. Saxony ilikuwa inachimba fedha, na kuyeyusha fedha kulihitaji kuni na makaa bila kikomo. Misitu ya karibu ilikuwa inaisha. Carlowitz akasema msitu utumike kwa namna inayodumu: usikate kuliko unavyokua. Wajerumani humtaja kama baba wa hilo neno ambalo leo liko kwenye kila manifesto duniani.

Angalia lakini: alikuwa anahesabu mbao. Udongo haukuwa kwenye daftari lake, na kwa 1713 hatuwezi kumlaumu.

6/ Wajerumani wakafuata ushauri, wakapanda. Sehemu nyingi walipanda aina moja ya mti, spruce, kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu unakua haraka na mbao zake zinauzika. Kwa hesabu ya miti mambo yalikuwa safi kabisa.

Pembeni kulikuwa na wakulima maskini. Hawakuruhusiwa kukata, lakini sehemu nyingi waliachiwa kukusanya majani makavu chini ya miti wakawalalishie ng'ombe, halafu ile samadi wapeleke shambani. Nani angekataza? Ni majani tu, si mbao.

Mwaka 1840 mwanakemia Justus von Liebig akatoa kitabu kilichoeneza hoja kwamba mmea unakula madini ya udongo, na usipoyarudisha udongo unafilisika. Mwaka 1876 Ernst Ebermayer huko Bavaria akapima yale majani ya msituni na kuonyesha ni kiasi gani cha madini kilikuwa kinabebwa kila mwaka. Kumbe kile kilichoonekana takataka ndicho kilichobeba chakula cha msitu. Kisha mwaka 1923 Eilhard Wiedemann akaandika kuhusu misitu ya spruce ya Saxony iliyokuwa imepunguza kasi ya kukua. Nyumbani kwa Carlowitz mwenyewe.

Miti ilikuwa imepandwa tena na tena. Haikukosa kupandwa. Sababu za kudumaa zilikuwa zaidi ya moja, ukame ukiwemo, lakini tangu hapo hakuna mtaalamu wa misitu mwenye akili aliyesema kupanda peke yake kunatosha.

7/ "Sasa Ujerumani inatuhusu nini?" Inatuhusu, bana. Maarifa ya misitu ya Uingereza kwenye makoloni yalipitia kwa Wajerumani. Mwaka 1856 Dietrich Brandis, mzaliwa wa Bonn, aliwekwa kusimamia misitu ya misaji huko Burma, ambayo leo ni Myanmar. Baadaye akawa mkuu wa misitu wa India nzima. Huko Burma walikuta wakulima wanaohama na mashamba yao milimani. Wakapatana nao: lima kwenye sehemu iliyofyekwa, panda mpunga wako, lakini katikati panda misaji yetu na uitunze. Ikikua, wewe hama. Waliita taungya.

8/ Huku kwetu reli ilitoka Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Injini zake zilikula kuni. Idara ya Misitu ilianzishwa 1902, na mikaratusi kutoka Australia ikaletwa ili reli isikose moto. Halafu zikaja saipresi na misonobari kutoka Mexico, kwa ajili ya mbao.

Nani angepanda hiyo yote kwa bei ya chini? Karibu 1910 ule mpango wa Burma ukafika Kenya. Tukauita mfumo wa shamba. Familia inapewa kipande, inalima mahindi, maharagwe na viazi kati ya miche kwa miaka mitatu hivi, kisha inasonga. Serikali inapata msitu, familia inapata chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukapigwa marufuku. Baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ukarudi ukiwa na jina jipya, PELIS. Na hadi leo, kila kampeni, kuna wa kuahidi kuurudisha kikamilifu na wa kuapa kuuzika.

9/ Hapa ndipo nyanya yangu anaingia. Alilima kwenye mfumo wa kwanza. Anasimulia kwamba kabla ya kupanda walichoma matawi na majani yaliyobaki baada ya magogo kwenda. Mwaka wa kwanza viazi vilikuwa vikubwa mpaka vinapasuka. Mwaka wa pili vizuri. Mwaka wa tatu vidogo kama ndimu. Msimamizi akawaambia ni kivuli cha miche. Nyanya akamjibu, "Kivuli ni nusu ya maneno, mwanangu. Hili shamba limechoka."

Nilikuwa nacheka hiyo hadithi. Siku hizi sicheki. Majivu yana kalisiamu, potasiamu na fosforasi ya yale matawi na majani, zimeachiliwa kwa siku moja. Naitrojeni nyingi imeenda na moshi. Mvua kubwa ya kwanza inashusha sehemu ya majivu mtoni, hasa kwenye mteremko, na viazi vinabeba sehemu nyingine hadi sokoni. Ule utajiri wa mwaka wa kwanza haukuwa rutuba mpya. Ilikuwa akiba ya miaka 30 imetolewa yote kwa wakati mmoja.

Sisemi nyanya alifilisi msitu. Alikuwa na watoto wa kulisha na hicho ndicho kipande alichopewa. Nasema yeye aliliona, na aliyeweka sahihi kwenye vibali hakumuuliza.

10/ Je, kuna mtu amelipima hili vizuri? Ndiyo. Huko Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, Marekani, watafiti wamekuwa wakipima maji ya vijito vya msituni tangu 1963. Kuanzia mwisho wa 1965 walikata miti yote kwenye bonde moja dogo, wakaiacha palepale chini, kisha wakazuia chochote kisiote kwa miaka mitatu. Hakuna lori lililobeba hata gogo moja. Lakini kijito kikaanza kubeba naitrojeni na kalisiamu kwa wingi kuliko mabonde ya jirani ambayo hayakuguswa.

Baadaye waligundua kuwa mvua yenye asidi ya viwandani ilikuwa imeshafyonza kalisiamu nyingi kutoka udongo wa pale. Mwaka 1999 wakamwaga madini ya kalisiamu kwa helikopta kwenye bonde lingine, na baada ya miaka miti ikaonyesha afya zaidi. Kwa hivyo mambo mawili: udongo ulioachwa wazi unavuja hata bila lori, na kile mwamba unatoa kwa karne nyingi kinaweza kupotea ndani ya maisha ya mtu mmoja.

11/ Mfano wa Afrika ndio unanikosesha usingizi, kwa njia nzuri. Eswatini, msitu wa Usutu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walianza kupanda msonobari, Pinus patula, aina ileile tunayoijua hapa Kenya. Ulikuwa wa karatasi, unavunwa baada ya miaka 15 hadi 17 hivi, kisha unapandwa tena palepale. Mwingereza aitwaye Julian Evans alianza kupima mwishoni mwa miaka ya 1960 na akaendelea kwa miongo: kizazi cha kwanza cha miti, cha pili, cha tatu, kwenye viwanja vilevile.

Alipata nini? Sehemu kubwa ya msitu ilikuwa juu ya graniti. Huko kizazi cha pili hakikupishana sana na cha kwanza, na cha tatu kilirefuka hata kuliko cha pili. Wa upande wa "kata" wanaweza kushangilia hapo.

Lakini kulikuwa na sehemu ndogo, karibu asilimia 13 ya msitu, iliyokaa juu ya mwamba mweusi uitwao gabro. Udongo wake ulikuwa na fosforasi haba na mwamba ulikuwa unaoza polepole. Huko kizazi cha pili kilishuka. Msonobari uleule, kampuni ileile, misumeno ileile. Na katika kizazi cha tatu kushuka huko hakukuendelea, kwa hivyo wa upande wa "usikate" nao wasikimbie na nusu ya habari.

Mnaona ninapoenda? Msitu mmoja, majibu mawili, na kilichotofautisha ni jiwe lililo chini. Jukwaani utapewa jibu moja la nchi nzima.

12/ Turudi Kenya. Mau, Aberdare na Mlima Kenya zimekaa juu ya mawe na majivu ya volkano. Kwa lugha ya SACCO huo ni mshahara mzuri, maana madini ya volkano huoza haraka kuliko mengi. Tatizo ni kwamba udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu mpaka mizizi inaipata kwa shida. Mshahara upo, lakini benki ina foleni.

Sehemu nyingi za Magharibi zina udongo mwekundu wa zamani sana, ambao mvua ya maelfu ya miaka imeshauosha madini yake. Unaonekana mzito na wa afya, lakini fosforasi ni haba, waulize wakulima wa mahindi. Nenda Pwani, Arabuko-Sokoke: sehemu kubwa ni mchanga. Mchanga ni chembe za kwatzi, na kwatzi haina karibu chochote cha kumpa mti. Pale msitu unaishi kwa pesa inayozunguka ndani ya nyumba. Ukibeba kilichopo, hakuna mshahara wa kungoja.

Sheria moja ya ukataji kwa sehemu zote tatu ni kama karo moja kwa mwalimu, bodaboda na mbunge.

13/ Sasa jambo la vitendo, ambalo ni dogo na halina makofi. Kwenye mti, gogo ndilo zito, lakini kwa uzito wake lina madini machache. Majani, matawi madogo na magome ni mepesi, lakini ndiyo yamejaa madini. Kwa hivyo ukichukua gogo na kuacha mengine yote yatawanyike chini, umetoa kiasi. Ukichukua gogo, kisha magome yakaenda kiwandani, matawi yakaenda kuni, na mabaki yakachomwa, umebomoa akaunti.

Australia Kusini waliliona hili. Mwaka 1966 iliripotiwa kwamba misonobari ya kizazi cha pili ilikuwa inakua vibaya kuliko ya kwanza. Sehemu kubwa ya dawa ikawa kuacha kuchoma mabaki, kuyalaza juu ya udongo, na kutunza miche vizuri zaidi. Gharama yake si ya kutisha.

14/ Lakini tusidanganyane, hapa Kenya hayo matawi yana mwenyewe. Ni mama anayetoka msituni na mzigo wa kuni mgongoni, kwa sababu gesi ni ghali. Ukimwambia "acha matawi kwa ajili ya kalisiamu," umemwambia watoto walale njaa. Ndiyo maana hili ni swali la siasa wala si la wataalamu wa udongo peke yao. Nani abebe gharama ya kuacha matawi chini? Mwenye kibali cha magogo, au mwenye mzigo wa kuni? Mpaka sasa tunamfukuza wa pili na kumpigia wa kwanza saluti.

15/ Na marufuku je? Ilisaidia mahali pengine msitu wa asili upumue, nakubali. Lakini nchi haikuacha kujenga. Mbao zilitoka kwenye mashamba ya watu binafsi na zikavuka mipaka kutoka nchi jirani. Udongo uliolipa ni wa mtu mwingine tu. Kufunga bila kupima ni sawa na kufungua bila kupima.

Katiba ya 2010 inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Lengo la sasa la serikali ni asilimia 30 na miche bilioni 15 kufikia 2032. Ni sawa, tupande. Lakini hizo zote ni hesabu za Carlowitz. Miaka 300 baadaye bado tunahesabu vichwa vya miti.

16/ Kwa hivyo akija kwenu, awe wa "kata" au wa "usikate", usimuulize yuko upande gani. Muulize:

Hiki kipande unachotaka kukifungua, kimevunwa mara ngapi, na mavuno ya mara ya mwisho yalikuwa sawa na ya kwanza?

Kibali kinasema nini kuhusu magome na matawi? Yanabaki au yanaenda?

Baada ya kukata, udongo utakaa wazi kwa muda gani kabla ya kufunikwa tena?

Nani alipima udongo, na mwananchi anaweza kuyaona matokeo?

Akijibu kwa wimbo wa chama, umeshapata jibu lako.

17/ Baba alisoma rasimu ya huu uzi. Akanyamaza, kisha akasema kwamba miaka yake ya mwisho pale kiwandani magogo yaliyokuwa yanaletwa yalikuwa membamba kuliko ya zamani. Alidhani wanakata mapema kwa tamaa. Pengine ni hivyo tu, tamaa. Pengine si tamaa peke yake. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyekuwa anaandika mahali, upana wa gogo na lilikotoka. Akasema walikuwa wanaandika idadi ya malori.

18/ Nyinyi wa Londiani, Kaptagat, Turbo, Molo, Nyeri, na wengine mliokulia karibu na misitu ya kupandwa: kwenu imekatwa mara ngapi, na miti ya sasa inalingana na ile ambayo wazee wenu waliikuta? Waulizeni kabla hawajaondoka, kisha niandikieni hapa chini. Kama serikali haina hilo daftari, tutaanza kulijaza sisi.

Uzi unaofuata: kwa nini kila kaunti inadaiwa na hakuna anayejua deni ni la nani.